Daraja la Ipogolo Lilipokataa Kunivusha

Sikukuita hapa nikupe hadithi ya kulalia. Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, kwa miguu yangu hii miwili, mchana, jua linawaka, na nyayo zangu zilichubuka mpaka zikatoa damu. Ukitaka kuamini, amini. Hutaki, inuka uende zako. Nimechoka kuwabembeleza watu waamini kitu ambacho nusu ya Ipogolo ilikitazama kwa macho yake, kisha ikajifanya imesahau.

Na nikipandisha sauti katikati ya maneno, univumilie. Hasira yangu ni ya zamani lakini haijapoa. Nyingine naielekeza kwa mume wangu, nyingine kwa waliokuwepo, na iliyo kubwa kuliko zote naielekeza kwangu mwenyewe.

Ukishuka kutoka mjini Iringa, kule juu, ukafika Ipogolo, unaukuta mto Ruaha Mdogo. Zamani tulivukia magogo, na masika yakija magogo yanachukuliwa. Miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru, wakaja Wazungu wakasema watatujengea daraja la zege, la tao moja, linaloruka kutoka ng'ambo moja hadi nyingine bila mguu katikati. Watu walicheka. Zege likae hewani bila nguzo? Lakini kazi ilikuwa kazi, na vibarua wakaja kutoka kila upande: Wahehe sisi wenyewe, Wabena, Wasangu, na Wanyakyusa waliotoka Mbeya.

Nyapara wao alikuwa mume wangu, Stefano. Mpishi wao nilikuwa mimi. Nilipika ugali na maharage kwenye masufuria matatu makubwa, chini ya turubai, hatua chache kutoka majini. Nilikuwa kijana, sijazaa bado, na nilijiona mtu mkubwa kwa sababu wanaume wote wale walinipangia mstari na sahani zao.

Katika mstari huo alikuwepo Mnyakyusa mmoja anaitwa Lutengano. Kwao Ilomba, Mbeya. Mrefu, mcheshi, mikono mipana. Kila siku akifika mbele yangu alisema, "Shemeji, niongezee maharage, mimi nabeba daraja hili kwa kichwa." Kila siku nilijifanya nakataa, halafu nikamwongezea. Hapakuwa na kitu kingine kati yetu, usianze kutafuta. Alikuwa mtu tu, na mama yake alikuwa mmoja duniani, na alimtaja mama huyo kila alipofungua mdomo.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo ubaya ulipozaliwa.

Ilifika siku ya kufunga tao pale juu, katikati kabisa. Ilikuwa masika, mto umejaa, maji ya rangi ya udongo. Walisema zege la pale juu lazima limwagwe siku moja bila kukatizwa. Ukilikatiza likaanza kukauka, linashika ufa, na tao zima ni la kubomoa. Stefano alikuwa amemwahidi Mzungu wake kwamba siku hiyo watu wake hawatasimama hata kukohoa. Tangu alfajiri vibarua walipita kwenye mbao kama siafu, makarai ya zege kichwani, wanamwaga, wanarudi, wanamwaga, wanarudi.

Kama saa tano hivi nilitoka kuokota kuni. Nimeutua mzigo, nimefungua kamba, bado nimeishika mkononi. Ilikuwa kamba ya katani, nzuri, ndefu, mpya. Nikasikia ubao umelia juu. Nikainua macho, nikamwona Lutengano anaanguka na karai lake.

Hakufa pale, nielewe. Angekufa pale, mimi leo ningekuwa mwanamke mwingine. Aliibuka akakamata mti mmoja wa zile nguzo za muda zilizosimikwa majini kushikilia mbao. Alikuwa karibu. Kutoka nilipokuwa mpaka alipokuwa, kamba ile ingefika na kubaki. Akaniona. Akaiona na kamba. Akaita, "Shemeji, kamba!"

Nikateremka mpaka maji yakanifika vifundoni. Juu, mstari wa watu ukasimama. Halafu nikaisikia sauti ya mume wangu.

"Wee mwanamke, rudi jikoni! Na ninyi, atakayetua karai leo asionekane tena hapa! Zege halimsubiri mtu!"

Mstari ukaanza kutembea tena. Mmoja, wa pili, wa tatu, wote. Na mimi? Nilimtazama Stefano juu, naye akanitazama, kidole chake kimeelekea kwenye masufuria. Nilisimama na kamba yangu mkononi. Lutengano aliita mara ya pili. Aliita mara ya tatu. Mara ya tatu hakupiga kelele, alisema taratibu, kama anayedhani labda sikumsikia vizuri mwanzoni. Kisha mti ukang'oka, ukaenda naye.

Saa saba nikapakua chakula.

Jioni ile Stefano alimwambia karani kwamba Lutengano ametoroka. Karani akaandika: mtoro. Na kwa sababu mtoro bila wizi hanogi, wakaongeza kwamba ameiba karai na blanketi la kambi. Karai lilikuwa chini ya mto. Blanketi je? Blanketi Stefano alilileta nyumbani kwetu, akalitandika kitandani, akasema baridi inakuja. Namba ya kipande cha Lutengano, kadi yake ya kazi, ilikuwa imeandikwa pembeni kwa rangi nyeupe. Nililala chini ya namba ile. Nililala! Unanitazama hivyo kwa nini? Ndiyo, nililala. Wewe ungefanya nini, ungemkemea nyapara? Usinijibu haraka.

Tao halikushika ufa. Mbao ziliondolewa, daraja likasimama lenyewe, zuri, lazima niseme ukweli, zuri kama kitu kilichochorwa. Miezi ya baridi ilipoanza likafunguliwa. Zilipigwa ngoma, Mzungu akampa Stefano mkono mbele ya watu. Mume wangu hakunawa mkono ule siku nzima.

Haukupita mwezi, akaja mama mmoja kwenye lori la Mbeya. Mfupi, amejifunga kaniki, anatembea kama mtu anayetafuta sindano. Alikuwa mama yake Lutengano. Alikwenda kambini akasalimia kwa Kinyakyusa, "Ugonile," hakuna aliyeitika, akageuza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: mwanawe yuko wapi?

"Mwanao mwizi," Stefano akamwambia. "Kaiba mali ya kambi, kakimbia. Ukimwona wewe, tuletee."

Mama hakubisha. Alisema tu kwamba kama amekimbia kwenda Morogoro, siku ya kurudi kwao lazima atapita daraja hili, maana barabara ya Mbeya ni moja. Basi atamsubiri. Mwenye duka mmoja wa Kihindi pale Ipogolo, mjane tuliyemwita Mama Shirini, alimhurumia. Akampa kazi ya kuchambua maharage na mahali pa kulala nyuma ya duka. Kila alasiri, kazi ikiisha, yule mama alikwenda kukaa kwenye kichwa cha daraja, upande wa duka, anawatazama wapitao. Na wapitao, kwa sababu watu ni watu, wakawa wanamtania. "Mama wa mwizi, hajaja tu?" Hata wale waliokuwa kwenye mstari wa karai walipita pale wameinamisha macho, wamenyamaza. Mimi nilipita nikamwamkia. Unaona ushenzi wangu? Nilimwamkia, "Shikamoo mama," naye akaniitikia, "Marahaba mwanangu."

Siku yenyewe sasa.

Ilikuwa alasiri, saa tisa. Hakuna ukungu, hakuna mvua. Jua kali na ule upepo wa Iringa unaopiga vumbi machoni. Nimebeba debe la mahindi kichwani natoka kwa mkwe wangu ng'ambo, mama yake Stefano, narudi upande wa kambi. Mbele nawaona watu, namwona mpaka yule mama amekaa mahali pake. Ninafika katikati ya daraja, nakuta mwanamume ameegemea ukuta wa pembeni. Kaptula ya kaki, simenti imekauka kwenye vidole. Anageuka. Lutengano.

Unajua nilifanya nini? Nilifurahi. Wallahi nilifurahi, machozi yalinitoka. Nikasema, "Lutengano! Kumbe ulipona! Nenda kwa mama yako, yule pale!"

Hakuenda. Upepo ulikuwa unanivua khanga, unarusha majani hewani, lakini shati lake halikutikisika hata ncha ya kola. Hapo ndipo nilipojua kwamba hakupona.

Akasema, "Shemeji, kamba iko wapi?"

Nikaondoka. Sikukimbia, debe lilikuwa kichwani, lakini niliondoka kwa hatua za mtu anayetaka kufika. Akaja pembeni yangu. Daraja lile ukilivuka polepole humalizi kusema Baba Yetu mara mbili. Nilisema Baba Yetu mara kumi. Kichwa cha daraja nakiona, duka naliona bati lake, mama nakiona kitambaa chake, na kila nikihesabu hatua tano zimebaki, najikuta pale pale katikati, mto unanguruma chini yangu, na yeye pembeni.

"Shemeji, kamba iko wapi?"

Nikamwambia mto ulikuwa mkubwa. Tukatembea. Nikamwambia niliogopa. Tukatembea. Akapita mtu wa baiskeli, nikampungia, nikamwita kwa jina, akapita kama napunga kwenye ndoto ya mtu mwingine. Likapita lori la magunia, likavuka, nikaliona limefika upande wa pili na kupanda mlima kwenda mjini. Mimi bado. Nikamwambia wanaume wote walikuwepo, kwa nini asiwafuate wao? Akarudia swali lake. Shingo iliwaka moto. Kandambili moja ilikatika, nikaiacha, baadaye nikaacha na ya pili. Nikamwambia, "Mume wangu alinikataza!" Nililisema hilo kwa sauti kubwa, maana nilidhani ndilo lenyewe, nilidhani hapo ataniachia.

Alisimama. Akanitazama jinsi unavyomtazama mtu aliyekuletea mzigo ukakuta si wako. Kisha akaanza kutembea tena, na miguu yangu ikamfuata.

Jua lilikuwa limekwisha kugusa vilima. Nimechoka kuliko siku yoyote ya maisha yangu, kabla na baadaye. Nikatua debe katikati ya daraja, nikakaa chini, nikasema kwa hasira, ndiyo, kwa hasira, kama ninayemtukana mtu:

"Nilikuwa nayo mkononi! Ilikuwa inafika! Sikuirusha!"

Upepo ukanipiga usoni, na nikagundua kwamba kwa saa zote zile sikuwa nimeusikia tena. Lutengano alichuchumaa mbele yangu. Sasa ndipo nilipoiona hasira yake, na naomba usije ukaona hasira ya namna ile.

"Kufa nimekufa," akasema. "Mto ni mto, hata kwetu unaua watu. Lakini mwizi? Mimi nimemwibia nani, shemeji? Mama yangu anaambiwa hivyo kila siku, pale, na mimi niko hapa namsikia. Kila siku namsikia!"

Alipiga ngumi moja kwenye ukuta wa daraja, na zege lote likatetemeka chini yangu kama limepitwa na malori kumi. Nilifumba macho. Nilipofumbua, nilikuwa peke yangu, debe langu limepinduka, kuku wa mtu anadonoa mahindi. Nikatembea. Hatua arobaini, hamsini, nikashuka darajani, rahisi kama kushuka kitandani.

Yule mama hakuwa pale tena, alikwisha kurudi dukani. Sikumfuata. Nilikwenda kwanza nyumbani, nikavuta blanketi kitandani. Stefano akauliza linakwenda wapi. Nadhani aliona nyayo zangu, hakuuliza tena.

Yule mama nilimkuta nyuma ya duka, chini, ungo mapajani. Mama Shirini alikuwa amesimama mlangoni na taa. Nilipiga magoti nikasema yote: ubao, mti, kamba, kidole cha mume wangu, mara tatu alizoita. Niliweka blanketi mbele yake. Hakulia. Vidole vyake viliendelea kutoa mawe kwenye maharage.

Akauliza, "Alikuwa anaita kwa Kiswahili au kwa kwetu?"

"Kwa Kiswahili, mama."

"Basi alitaka mumwelewe," akasema.

Tangu siku hiyo nimesemwa vibaya na watu wengi. Hakuna neno lililowahi kunichoma kama hilo. Mama Shirini aliweka taa chini akajifunika uso na mtandio wake.

"Na wewe," mama akaniuliza tena, "siku ile, ulikula?"

Ningeweza kusema hapana. Lakini nilikuwa nimetembea alasiri nzima kwa ajili ya uongo, sikuwa na miguu ya uongo mwingine. "Nilikula, mama."

Akaguna. Akautua ungo. "Kesho utanipeleka mahali wanaume wako wote watakapokuwa."

Kesho yake ilikuwa siku ya posho, na vibarua wote waliobaki kutengeneza barabara walikuwa wamekusanyika karibu na kichwa cha daraja. Wauzaji wa ulanzi, pombe yetu ya mianzi, walikuwepo, wanawake wa Ipogolo, watu wa malori. Stefano amesimama kwenye sanduku, anaita majina. Mama Lutengano akapita katikati yao akalikunjua blanketi, akaligeuza ile pembe yenye namba, akamwonyesha mtu mmoja mmoja, kama mtu anayetembeza nguo ya kuuza. Wengine hawakujua kusoma, lakini namba waliijua, kila mmoja alikuwa na yake.

"Lilikuwa kitandani kwa huyu," akasema, akamwonyesha mume wangu.

Nami nikasema niliyoyaona.

Stefano alicheka. "Huyu mke wangu ana mashetani. Jana kazurura darajani mpaka jioni, muulizeni. Nani mwingine aliona? Semeni! Nani?"

Kimya. Nasema hivi: kile kimya nilikijua, ni kile kile cha siku ile. Nilitaka kuwararua wote. Halafu Mbena mmoja, Lukelo, mtu mzima, mpole, akatoka mbele akavua kofia.

"Mimi nilikuwa nyuma yake," akasema. "Karai langu lilikuwa limejaa. Sikulitua."

"Na mimi sikutua," akasema mwingine. Na mwingine. Wengine walilia huku wanasema. Mama Lutengano alimtazama kila aliyesema, hakuacha hata mmoja, kama anayetaka kuzikumbuka sura.

Stefano akashuka kwenye sanduku, mishipa imemsimama shingoni. "Vikao vya wanawake hivi! Mizimu! Mimi ndiye niliyejenga daraja hili. Nakwenda kwa mama yangu ng'ambo, na hakuna maiti atakayenizuia. Nitazameni!"

Akaingia darajani, na sote tukamtazama.

Niamini ninapokwambia. Alitembea vizuri mpaka katikati, akasimama, bega likashtuka. Kisha akaendelea, na miguu yake ilikwenda, mikono ilikwenda, lakini mwili haukusogea mbele. Si kwamba alikuwa anakanyaga mahali pamoja. Alikuwa anatembea kweli, anapita ukuta wa pembeni hatua kwa hatua, nawe ukipepesa jicho unamkuta palepale katikati. Wanawake walianza kupiga yowe. Mtu wa lori alisema ni uchawi, akaenda na lori lake kumchukua. Alivuka, akageuza, akarudi, akasema hakumwona mtu darajani. Na sisi tulikuwa tunamwona!

Swali hatukulisikia. Majibu tuliyasikia, upepo uliyaleta.

"Nilikuwa na kazi!"

Anatembea.

"Zege lingeharibika!"

Anatembea.

"Alikuwa amelewa! Mlevi yule!"

Hapo daraja lilitetemeka, na watu waliokuwa karibu na kichwa chake wakaruka nyuma.

"Niliamriwa! Mzungu aliniamuru! Mimi ni nani?"

Saa zilipita. Hakuna aliyeondoka, hata posho haikugawiwa. Jua lilipoanza kushuka alikuwa anakwenda kama mzee, anashika ukuta. Ndipo yule mama aliinuka. Alikwenda mpaka mahali zege linapoanza, akaweka viganja vyake mdomoni akaita, na Kiswahili chake kilikuwa safi kabisa:

"Baba! Sema tu! Neno moja, uvuke!"

Mama wa maiti! Aliyeitwa mama wa mwizi mbele ya malori! Alimwombea njia mtu yule. Nilidhani atasema. Niliomba aseme, maana pamoja na yote alikuwa mume wangu, nilimpikia, nilimjua alivyokuwa kabla hajapewa watu wa kuwaamrisha. Aligeuza uso wake kwetu. Alifungua mdomo. Akaufunga. Nimeishi miaka mingi nikijiuliza ni kitu gani ndani ya mtu kinachoona kufa kwa uchovu ni afadhali kuliko kusema, "Nilikosa."

Giza lilipoanza alitoka, kwa magoti na viganja, upande ule ule alioingilia.

Sasa unadhani haki ilitendeka? Tulikwenda ofisini kwa Wazungu, mimi, mama, Lukelo, na Mama Shirini aliyejua kusema na wakubwa. Karani alitusikiliza, akafunga daftari, akasema kilichoandikwa kimeandikwa. Kwa hiyo humo kwenye makaratasi yao, popote yalipo leo, Lutengano ni mtoro na mwizi. Hilo likinijia usiku sipati usingizi, nainuka nafagia uani.

Mama aliondoka na blanketi kwenda kulizika Ilomba badala ya mwanawe. Vibarua walimsindikiza mpaka kwenye lori, wamevua kofia. Nilimbebea kifurushi chake. Nilitaka kupanda naye. Akanishika mkono, akasema, "Ndaga, mwanangu, asante kwa kusema. Lakini msibani kwangu usije." Sikwenda. Alikuwa na haki.

Stefano nilimwacha wiki ile ile, nikahamia Idodi kwa kaka yangu. Yeye alibaki Ipogolo, na hakuvuka daraja tena. Alijaribu alfajiri, alijaribu Jumapili baada ya misa, alijaribu akiwa amelala ndani ya gari la Mhindi mmoja. Gari lilifika ng'ambo, yeye wakamkuta katikati ya daraja amesimama. Kuvuka majini hakuthubutu. Mwaka wa tatu mama yake akafa, kule ng'ambo. Nilikwenda mazishini, kwa sababu mkwe wangu hakunikosea. Makaburi ya ukoo wao yako kwenye mteremko unaoonekana kutoka mtoni. Tulipokuwa tunashusha jeneza nilimwona, upande wa pili, kwenye nyasi, amevaa koti lake la unyapara. Yeye ndiye mtoto wa pekee wa kiume. Ndiye aliyepaswa kutupa udongo wa kwanza. Padri alisubiri, watu walisubiri, ndugu zake walimpungia. Alikwenda mpaka zege linapoanza. Akasimama pale na udongo kwenye kiganja, muda mrefu sana. Kisha akaumwaga miguuni pake, akageuka, akaondoka.

Mimi huwa navuka. Si mara nyingi, lakini nikifika Ipogolo navuka. Kabla sijakanyaga zege nasema kwa sauti kile nilichofanya, jina lake na jina langu, mbele ya yeyote aliyepo. Wanafunzi hunicheka, wanasema bibi kachanganyikiwa. Wacheke. Sijawahi kumwona tena Lutengano, na sijawahi kufikiri kwamba ameondoka.

Na wewe usinihurumie, sikukusimulia nipate huruma. Angalia mambo yako. Kuna mtu unamjua aliyeumizwa ukiwa unatazama, kisha akapakwa matope ili ninyi wengine mlale. Kila mtu ana mtu wake huyo. Nenda kamsafishe jina mama yake angali hai. Ukichelewa, siku moja utapita mahali, mchana kweupe, mguu utagoma kufika, na mtu atakuuliza swali kwa upole. Mjibu lolote unalotaka. Ila usimwambie kwamba uliamriwa. Hilo ameshalisikia.